Elimu ya dawa za kulevya kwa vijana: kwa nini hotuba hazizuii, na kinachozuia hufanywaje

Kila ifikapo Juni 26, Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, shule nyingi hurudia ratiba ile ile. Wanafunzi mia kadhaa wanakusanywa uwanjani. Askari anaonyesha sampuli: msokoto wa bangi, kete ya unga (heroini), furushi la mirungi. Daktari anafuata na picha za mapafu meusi. Kisha anasimama kijana aliyeacha unga, anasimulia alivyouza vyombo vya mama yake mpaka masufuria yakaisha jikoni. Ngonjera, makofi, soda kwa wageni, picha ya pamoja. Mwakani tena.

Nia ni njema na gharama si ndogo. Lakini mambo karibu yote yaliyomo katika ratiba hiyo yameshapimwa, na matokeo yake yanajulikana. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu (UNODC) ilitoa mwaka 2013 viwango vya kimataifa vya kinga, na mwaka 2018 ikatoa toleo la pili pamoja na Shirika la Afya Duniani. Humo hotuba za upande mmoja, vitisho, ushuhuda wa waliowahi kuwa waraibu na askari kugeuzwa walimu wa somo hili vimewekwa katika kundi la mambo yasiyo na faida, au yenye madhara, kwa vijana ambao hawajaanza kutumia.

Mfano mkubwa kuliko yote unatoka Marekani. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles walianzisha mpango wa DARE: askari mwenye sare anaingia darasani mara moja kwa wiki, vipindi 17, kuwafundisha watoto wanaomaliza shule ya msingi. Ulipendwa na wazazi, walimu na wanasiasa, ukaenea karibu nchi nzima. Watafiti walipojumlisha tathmini zake mwaka 1994 waliona kwamba watoto walitoka na maarifa zaidi, ila katika kutumia au kutotumia hawakutofautiana kwa kiasi cha maana na wenzao ambao hawakufundishwa. Utafiti mwingine uliowafuata wanafunzi wa Kentucky kwa miaka kumi ulichapishwa 1999, nao haukukuta tofauti. Kampeni ya matangazo ya televisheni iliyoendeshwa na serikali ya nchi hiyo kati ya 1998 na 2004 ilitafuna karibu dola bilioni moja. Tathmini yake haikuona bangi ikipungua, na baadhi ya vipimo vilionyesha kwamba vijana walioyatazama zaidi matangazo ndio walioelekea zaidi kuamini kwamba wenzao wengi wanavuta.

Hapo ndipo fundo lilipo. Kujua madhara hakumzuii kijana kuanza. Mtoto wa Tandale, Majengo au Mwembe Tanu anayajua madhara ya unga kuliko mgeni rasmi, maana mateja anawaona kila siku akienda shule.

Vitisho vinakwama wapi

Kwanza, kijana ana ushahidi wake. Ukimwambia kwamba msokoto mmoja wa bangi unatia wazimu, atamkumbuka binamu yake aliyevuta Jumamosi na Jumatatu akaenda kazini kama kawaida. Hilo la bangi likishakataliwa, maneno yako ya heroini nayo hayatasadikiwa, ilhali ya heroini ni kweli tupu. Mwenye kutia chumvi kwenye dogo hupoteza kauli kwenye kubwa.

Pili, umri. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, hukomaa mtu akiwa katikati ya miaka ya ishirini. Sehemu zinazochangamkia raha na sifa za wenzao hutangulia kwa miaka mingi. Kwa hiyo saratani ya uzeeni haimgusi mtoto wa miaka 13. Humgusa kinywa kunuka leo, hela ya nauli kuisha, kutolewa kwenye timu, au msichana fulani kumwona mshamba. Mwalimu anayelijua hili anazungumzia wiki hii, si miaka thelathini ijayo.

Tatu, sampuli. Kuonyesha kete na kueleza inavyotumika ni kumfundisha asiyejua. Udadisi wa wachache huamshwa pale pale ukumbini, na hao wachache ndio hasa walengwa wa kinga.

Nne, ushuhuda. Hili ni gumu kulisema, kwa sababu waliopata nafuu wanastahili heshima, na kazi yao katika nyumba za upataji nafuu na vijiweni ni ya thamani. Mraibu anayetaka kuacha humsikiliza mwenzake aliyepita njia hiyo kuliko daktari. Ila mtoto ambaye hajaanza anaona kitu kingine: mtu mzima mwenye afya, kavaa vizuri, kapewa maikrofoni, anashangiliwa. Anajifunza kwamba unaweza kuingia na ukatoka. Hajawaona wale ambao hawakutoka. Basi mtu huyo apelekwe kijiweni na kliniki, darasani pabaki na mwalimu.

Kuanzia wapi: sigara kabla ya unga

Elimu nyingi huziweka dawa zote kapu moja, halafu heroini ikapewa nusu ya muda kwa sababu inatisha. Kwa darasa la wenye miaka 11 hadi 14 hesabu ni nyingine kabisa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 1994 uliuliza: kati ya watu waliowahi kutumia kitu fulani hata mara moja, wangapi wakati wowote waliishia kwenye utegemezi? Tumbaku, asilimia 32. Heroini, 23. Pombe, 15. Bangi, 9. Watu wengi husoma mistari hiyo mara mbili. Sigara, ambayo muuzaji wa kibanda humkatia mtoto moja moja bila kumwuliza umri, huwanasa wengi zaidi wanaoigusa kuliko unga. Unga huua upesi zaidi na huharibu maisha kwa kasi nyingine, hilo halibishaniwi. Ila anayetaka kuziba mlango aanze na ule ambao watoto wanapitia.

Umri wa kuanza nao una uzito. Takwimu za Marekani zilizochapishwa 1997 zilionyesha kwamba walioanza kunywa pombe kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa kuwa walevi takribani mara nne ya ule wa walioanza baada ya miaka 20. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na malezi na mazingira, si pombe peke yake. Hata hivyo kila mwaka unaocheleweshwa ni faida, na lengo la programu nzuri mara nyingi ni hilo tu: kuchelewesha.

Kwenye pwani yetu njia iliyozoeleka ni sigara, kisha bangi, kisha kwa baadhi yao unga. Wengi hawakuanza unga kwa sindano. Walianza kwa kuuvuta umechanganywa na bangi ndani ya msokoto, ile inayoitwa kokteli, tena wengine wakiwa hawajui walichopewa. Hilo ni jambo la kweli la kumwambia kijana wa miaka 16 anayevuta bangi: msokoto uliofungwa na mwingine hujui kilichomo. Vivyo hivyo na biskuti za bangi. Ya kuvuta hupanda ndani ya dakika chache, ya kula huchukua dakika 30 hadi saa mbili, na katikati ya kungoja mtu huona haijafanya kitu, akaongeza. Wanaokimbizwa hospitali wakitapika na kuweweseka mara nyingi wamefika huko kwa kuongeza. Bangi ya skanka nayo ina kiasi kikubwa zaidi cha kilevi kuliko ile ya zamani, na kuvuta mara kwa mara katika umri mdogo kunahusiana na maradhi ya akili, hasa kwa mwenye ndugu aliyewahi kuugua.

Elimu ya aina hiyo, sahihi na isiyokuzwa, inafaa kwa wakubwa. Kwa wadogo kinahitajika kitu kingine.

Kipindi kinachozuia hufanana na nini

Programu zilizopimwa zikaonyesha faida zina sura inayofanana. Ni za darasani, si za uwanjani. Hutolewa na mwalimu au mwezeshaji aliyefunzwa, kipindi kimoja kwa wiki, kwa wiki 10 hadi 15, kisha vipindi vya kukumbushia miaka inayofuata. Ile ya stadi za maisha iliyobuniwa na Gilbert Botvin ina vipindi 15 mwaka wa kwanza, 10 wa pili, 5 wa tatu. Sehemu kubwa ya muda wanafunzi ndio wanaozungumza na kutenda. Na dawa zenyewe huchukua nafasi ndogo kuliko mtu angetarajia: vipindi vingi ni vya kufanya uamuzi, kutuliza hasira na wasiwasi, kuzungumza na wakubwa, kulichambua tangazo la bia, kukataa bila kupoteza rafiki.

Kipindi cha kukataa ndicho kinachoharibiwa mara nyingi, kwa hiyo tukae nacho. Mwalimu aeleze kwa dakika tano, asizidishe. Kisha yeye mwenyewe aigize akikataa, darasa likitazama. Baada ya hapo wanafunzi wagawanywe vikundi vya wanne au watano, na kila mmoja akatae angalau mara mbili kabla kengele haijalia. Mazingira ya igizo yatoke kwa wanafunzi, siyo kwenye kitabu: nyuma ya vyoo vya shule, kwenye mahafali, kijiwe cha bodaboda, kaka wa jirani anayetaka "mdogo wangu nishikie hii". Na maneno yawe ya mtaani. "Hapana, asante, situmii dawa za kulevya" haisemwi na mtoto yeyote chini ya jua. Husemwa: "Sivuti, kaka." Akishikiliwa, arudie vile vile bila kuongeza sababu: "Nimesema sivuti." Akichekwa kwamba ni mtoto wa mama: "Sawa, mimi wa mama. Twende uwanjani, jua linazama." Wakizidi, aondoke, na kuondoka nako kufanyiwe mazoezi: miguu inaanza, maneno yanafuata. Wanaotazama wapime vitu vitatu tu: alitazama usoni au chini, sauti ilisikika au ilimezwa, na je, alijieleza mno? Anayejieleza sana hufungua mjadala, na mjadala na wakubwa wa kijiweni haushindi.

Kinachoharibika ni hiki: nafasi ya anayeshawishi huchukuliwa na mwanafunzi mchangamfu kuliko wote, darasa linacheka, na baada ya dakika kumi shujaa wa kipindi ni "pusha", yaani muuza dawa. Nafasi hiyo aichukue mwalimu au mtu mzima mwingine. Ikibidi iwe ya mwanafunzi, apewe sentensi tatu zilizoandikwa, asiongeze ya kwake.

Hata hivyo mazoezi ya kukataa peke yake hayatoshi. Utafiti wa wanafunzi wa California uliochapishwa 1991 ulilinganisha waliofundishwa kukataa na waliorekebishiwa dhana kuhusu wenzao. Wa pili ndio walioonyesha tofauti. Sababu yake inaeleweka: anayeamini kwamba kila mtu anakunywa haoni kwa nini akatae, hata kama anajua namna ya kukataa. Vijana karibu popote walipoulizwa hukadiria watumiaji kuwa wengi kuliko walivyo, kwa kuwa anayevuta anaonekana, na asiyevuta hana cha kuonyesha.

Kurekebisha dhana hiyo hakuhitaji fedha, kunahitaji karatasi na uangalifu. Kila mwanafunzi apewe karatasi yenye maswali mawili. La kwanza: katika siku 30 zilizopita umevuta sigara hata mara moja? La pili: unadhani wangapi kati ya kila wanafunzi kumi wa darasa hili wamevuta? Majibu yawe ya kuweka alama tu, yasiwe ya kuandika, kwani mwandiko hutambulika. Kalamu ziwe za rangi moja. Karatasi zikunjwe zitumbukizwe kwenye boksi lililofungwa, na azihesabu mtu asiyefundisha darasa hilo. Tuseme darasa lina watoto 50: wamekiri wanne, na makisio ya wengi ni watano kati ya kumi. Mwalimu aziandike namba mbili ubaoni, 25 walizodhani na 4 halisi, kisha anyamaze awaache wabishane. Wapo watakaosema wenzao wamedanganya, na huenda mmoja wawili kweli wamedanganya, lakini pengo kati ya 4 na 25 halizibwi na mmoja wawili.

Tahadhari: hesabu ifanywe kabla ya kuamua kutangaza. Ikiwa waliokiri ni theluthi ya darasa, kutangaza kutazaa kinyume. Hapo swali libadilishwe liwe la msimamo, wangapi wangependa rafiki yao asivute, ambalo aghalabu lina wengi upande wa kheri. Na shule ijue kwamba ina kazi nyingine ya vikundi vidogo na ushauri nasaha. Matokeo yasitumiwe kamwe kuwasaka waliokiri. Mara moja tu ikitokea, hakuna karatasi itakayosema ukweli tena shuleni hapo.

Kwa watoto wadogo, miaka 6 hadi 10, dawa hazitajwi kabisa. Kilichoonyesha matokeo ni mchezo wa nidhamu wa makundi: darasa linagawanywa timu, kanuni chache zinaandikwa ukutani, na timu isiyovuka idadi fulani ya makosa ndani ya muda uliowekwa inapata zawadi ndogo. Ulijaribiwa Baltimore katikati ya miaka ya 1980. Watoto wale walipofuatiliwa hadi miaka 19 na 21, wavulana, hasa waliokuwa wakorofi zaidi darasa la kwanza, walikuwa na matatizo machache ya dawa kuliko wenzao. Anayetafuta "kampeni" hapa ataona ajabu, lakini mtoto aliyejifunza kutulia na kukubalika na wenzake akiwa na miaka saba ana sababu chache za kukimbilia kijiweni akiwa na kumi na tano.

Nyumbani

Wazazi wengi hudhani mambo yameshawatoka mikononi mtoto anapofika kidato cha kwanza. Si kweli. Programu ya familia inayojulikana kwa umri wa miaka 10 hadi 14 ina mikutano saba tu ya saa mbili: saa ya kwanza wazazi chumba kimoja na watoto kingine, saa ya pili wote pamoja. Wanachojifunza wazazi ni vitu vya kawaida mno: kuweka kanuni chache, kuzifuata bila kupandisha sauti, kusikiliza hadi mwisho.

Kanuni iwe moja na isiwe na mlango wa nyuma: chini ya miaka 18 hakuna pombe, hakuna sigara, wala kuonja povu la bia ya baba. Huko kuonjeshwa huonekana utani, lakini tafiti zilizowafuatilia watoto hao zinawakuta wanakunywa zaidi baadaye, siyo kidogo. Na jambo la pili ni letu kabisa: usimtume mtoto sigara wala bia. Unamzoesha duka, unamzoesha bei, unamwonyesha muuzaji kwamba sura hii huuziwa.

Kabla hajatoka yaulizwe manne: mnakwenda wapi, na nani, mtarudi saa ngapi, mtarudije. Si upelelezi, ni desturi, nayo ianze kabla hajawa na sababu ya kuficha. Kumpekua mkoba na simu kila usiku huleta ujanja zaidi kuliko usalama. Ukimjua mama wa rafiki yake, mkawa mna namba za simu, umepata zaidi ya alichonacho kwenye mkoba.

Iceland ilifanya jambo hili kuwa la nchi nzima. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wake wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Waliovuta sigara kila siku walishuka kutoka 23 hadi 3. Hawakufanya hivyo kwa hotuba. Wazazi waliwekeana mapatano, watoto wa miaka 13 hadi 16 wakawekewa mwisho wa kuwa nje saa nne usiku majira ya baridi na saa sita majira ya joto, matangazo ya pombe na tumbaku yakapigwa marufuku, na michezo na muziki baada ya shule vikapewa fedha, hadi ruzuku ya familia kulipia klabu. Dodoso la wanafunzi lilirudiwa mara kwa mara na kila shule ikaona takwimu zake. Nchi ile ni ndogo na tajiri, kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani kila kipande kitahamia Temeke au Kisauni. Kinachohamia kirahisi ni mapatano ya wazazi wa mtaa mmoja juu ya saa ya kurudi. Mama mmoja akisema saa moja na jirani yake akisema saa nne, saa moja haipo.

Bei na upatikanaji navyo ni kinga, tena isiyohitaji kumshawishi mtoto. Tanzania ilipopiga marufuku viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, tarehe 1 Machi 2017, kilichoondoka ni kipimo kidogo ambacho hela ya mwanafunzi ilikitosha na mfuko wa kaptula uliweza kukificha. Kamati ya shule inayokwenda kwa utaratibu kwenye vibanda vilivyo karibu na geti, ikazungumza na wenyewe juu ya sigara za moja moja, pengine inafanya kazi kubwa kuliko maadhimisho ya mwaka mzima.

Akishaanza

Hapa kinga inabadilika sura, na hapa ndipo shule huharibu zaidi. Kumfukuza aliyekutwa na msokoto kunamtoa mahali penye watu wazima na ratiba, kunampeleka kijiweni saa mbili asubuhi. Adhabu ipo, ila imbakishe shuleni: mzazi aitwe, msimamizi mmoja ateuliwe, mikutano ya kila wiki kwa miezi miwili mitatu. Kupima mikojo ya wanafunzi kwa kushtukiza nako kumewekwa na UNODC katika orodha ya yasiyofaa. Bangi huonekana kwenye mkojo wa mvutaji wa kila siku kwa wiki kadhaa, heroini kwa siku mbili tatu. Mtoto mjanja akilijua hilo anaweza kuhamia kwenye kilicho kibaya zaidi.

Dalili zinazosambazwa mitandaoni hupotosha. Macho mekundu ni vumbi, usingizi ni kukua. Kinachotazamwa ni mabadiliko kadhaa yanayodumu wiki mbili au tatu: marafiki wapya wasioletwa nyumbani, vitu vidogo kupotea, kuacha mchezo alioupenda. Dalili za kipekee zipo chache. Mboni ndogo kama ncha ya kalamu pamoja na kusinzia katikati ya maneno huelekeza kwenye unga au vidonge vya jamii yake kama tramadoli. Kukesha bila njaa na kinywa kikavu ni mirungi au muguka, aina ya mirungi. Harufu ya petroli na vidonda kuzunguka mdomo ni gundi.

Mazungumzo yasifanyike akiwa amelewa wala wewe ukiwa umefura. Anza na ulichokiona: "Jana umerudi saa tano, umeshindwa kula, nimepata wasiwasi." Kisha uliza, ukae kimya. "Unapata nini kwenye hiyo kitu?" ni swali linalofungua, kwa kuwa jibu huonyesha tatizo lililo nyuma yake: usingizi hauji, anaonewa, hana la kufanya mchana kutwa. Kipigo, kumfunga kamba au kumsafirisha kwa bibi kijijini hakugusi lolote kati ya hayo.

Aliyekwisha kuzama anahitaji tiba, na dawa hutofautiana sana katika kuachwa. Arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa, kwa heroini huanza saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, hupungua ndani ya wiki. Ni mateso makubwa, ila mara chache huua. Pombe nyingi ya kila siku na vidonge vya usingizi kama Valium ni kinyume: kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kifo, kwa hiyo huachwa hospitali, kwa kupunguza polepole. Familia nyingi hazilijui hili, zinamfungia ndani mlevi wa gongo kama wanavyomfungia teja.

Kwa heroini ipo tiba ya methadoni, shurubati inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Inakata arosto kwa zaidi ya saa 24 bila kumlewesha aliyezoea, akapata siku nzima ya kuishi badala ya kusaka kete. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, ya Mathari ya Nairobi mwishoni mwa 2014, Zanzibar na Malindi zikafuata 2015. Wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi hawajatofautisha mtu anayekunywa dozi moja saa tatu asubuhi akaenda kazini na mtu anayejidunga mara nne kwa siku.

Saa ya hatari zaidi kwa mtumiaji wa heroini ni pale anapotoka: jela, nyumba ya upataji nafuu, au kijijini alikopelekwa. Mwili umeshasahau mazoea, akirudia kipimo cha zamani kinaweza kumwua. Familia inayompokea ijue sura ya kuzidiwa: pumzi chache na za kukoroma, midomo kuwa ya bluu au kijivu, haamki ukimwita na kumsugua kifua kwa vifundo vya vidole. Asimwagiwe maji, asipewe maziwa wala chumvi, asiachwe "alale iishe". Msaada wa gari uitwe mara moja. Kama hapumui vizuri, kichwa kiinuliwe nyuma, pua ibanwe, apulizwe pumzi moja kila sekunde tano. Akianza kupumua mwenyewe alazwe ubavu, asikabwe na matapishi. Hospitali waambiwe bila kuficha alichotumia, ili wampe naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa. Inaamsha ndani ya dakika chache, lakini huisha mwilini mapema kuliko tramadoli au methadoni, kwa hiyo asirudishwe nyumbani kwa sababu tu amefumbua macho. Kwa ushauri kabla mambo hayajafika huko, Tanzania hupigwa 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na Kenya 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na pombe na dawa za kulevya.